Nani Aliyeacha Njia? Lugha ya Gari na Sarufi ya Ajali katika Kiswahili

1. Utangulizi

Katika Kiarabu neno ajal lina maana ya muda uliowekwa, na hasa mwisho wa muda huo, yaani saa ya mtu kufa. Kiswahili kililipokea neno hilo pamoja na maana yake, na mpaka leo husikika likisemwa kwamba fulani amefikwa na ajali yake, kwa maana ya majaliwa yaliyomwandama. Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku maana imehama. Mwanafunzi wa shule ya msingi akiulizwa ajali ni nini, hatataja majaliwa. Atasema magari yamegongana.

Maana mpya haikuifuta ile ya kale. Imekaa juu yake, kama rangi mpya juu ya bati la zamani. Methali isemayo kwamba ajali haina kinga hutamkwa msibani, hutamkwa karakanani, na hutamkwa hata na dereva ambaye matairi yake yamebaki vipara. Ndiyo sababu suala hili linawahusu wanaisimu, wala si askari wa usalama barabarani peke yao. Lugha inapomwambia msemaji kwamba tukio fulani ni majaliwa, inamwambia pia kwamba hakuna haja ya kuuliza lilitokeaje.

Uzito wa jambo lenyewe hauna shaka. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2023 inakadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki barabarani duniani katika mwaka 2021, na kwamba vifo vya aina hiyo ndivyo vinavyoongoza kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Asilimia 92 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takriban asilimia 60 tu ya magari ya dunia. Majaliwa hayana sababu ya kuzipendelea nchi tajiri. Tofauti hiyo ina vyanzo, na vyanzo hutajwa kwa lugha.

Mhadhara huu unakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, kuonyesha jinsi Kiswahili kilivyojipatia msamiati wa gari. Pili, kuchunguza sarufi ya sentensi zinazotumika kusimulia ajali. Tatu, kupima kama lugha iliyopo inatosha kwa magari yanayoingia sasa, ambayo hayafanani na yale yaliyowafunza mababu kuendesha.

2. Kutoka chomboni hadi garini

Gari lilipofika pwani ya Afrika Mashariki lilikuta lugha ya watu waliozoea safari za bahari. Kwa hiyo sehemu kubwa ya msamiati wa barabarani ilitoka chomboni. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa gari. Nauli ilikuwa malipo ya safari ya chombo, na shehena ilikuwa mzigo wa chombo. Kivuko kilikuwa mahali pa kuvukia maji. Leo ni mistari myeupe ambayo mwenda kwa miguu hupitia lami. Neno chombo lenyewe limehama: polisi na mahakama huzungumzia vyombo vya moto, na msikilizaji hafikirii matanga.

Wakulima nao walitoa mchango wao. Tuta la viazi limekuwa tuta la barabarani, na anayelisahau hukumbushwa na springi za gari lake. Jeshi pia lilichangia: foleni ni amri ya Kiingereza ya kuwataka askari waingie mstarini, ambayo sasa ni jina la mateso ya asubuhi ya wakazi wa Dar es Salaam.

Maneno mengine yalikopwa moja kwa moja na kutoholewa kwa kufuata silabi na ngeli za Kiswahili. Breki, gia, injini, betri, tairi na honi hayahitaji maelezo. Mifano miwili hutajwa mara nyingi madarasani kwa sababu inaonyesha wazi jinsi sarufi ya lugha pokezi inavyofanya kazi. Mfano wa kwanza ni kipilefti. Maneno ya Kiingereza ya kumwamuru dereva ashike upande wa kushoto yaliandikwa kwenye vibao vya mizunguko ya barabara. Wasemaji wakasikia kiambishi ki- mwanzoni, nao wakapata vipilefti katika wingi. Mfano wa pili ni madigadi, bamba linalozuia tope la gurudumu. Silabi ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha wingi, hata wasemaji wengine wakaunda umoja, digadi. Huko si kukosea Kiingereza. Ni kukitii Kiswahili.

Lugha haikuishia kwenye vipuri. Kitenzi kuendesha kimeundwa kwa kauli ya kusababisha kutokana na kwenda, kwa hiyo mwendeshaji ni mtu anayefanya kitu kiende. Ndiyo maana kitenzi hicho hicho hutumika kwa gari, kwa shule na kwa serikali. Maana ya wajibu imo ndani ya umbo lenyewe: kinachoendeshwa hakiendi chenyewe. Hoja hii itarejewa mbele, kwa kuwa sentensi za ajali huisahau.

3. Lugha ya karakana na faida ya kukopa

Wapo watetezi wa Kiswahili wanaoihesabu lugha ya mafundi kuwa ni uchafu unaongoja kusafishwa. Mtazamo huo unahitaji kusahihishwa, na neno moja linatosha kuwa ushahidi. Neno mafuta katika Kiswahili hubeba petroli, dizeli, mafuta ya taa, ya kupikia, ya kujipaka na hata yale ya mwilini. Mwenye gari akiambiwa aangalie mafuta kabla ya safari, atatazama mshale wa tangi na kuridhika. Fundi alikuwa na maana ya kilainishi cha injini. Kosa hilo la kimaana lina gharama: injini inayokosa kilainishi husagika, na inaweza kukwama njiani.

Mafundi walilitatua tatizo hilo mapema. Walikopa oili, wakaliacha neno mafuta kwa kile kinachochomwa. Hapa ukopaji haukuleta utajiri wa mapambo. Ulileta tofauti iliyohitajika kazini. Istilahi huzaliwa kwa namna hiyo, mikono inapohitaji kutenganisha vitu viwili ambavyo lugha ya nyumbani huvichanganya.

Kuna tofauti nyingine ambayo bado haijapata maneno ya kutosha, nayo ni ile ya kiasi cha oili na msukumo wa oili. Taa nyekundu yenye umbo la birika iwakapo mbele ya dereva, wengi husema oili imepungua, na kwa hiyo huendelea kwenda mpaka kituo kinachofuata. Kwa kawaida taa hiyo haipimi kiasi; inaeleza kuwa msukumo umeshuka, yaani oili haifiki inakotakiwa kwa nguvu ya kutosha. Anayejua neno msukumo huzima injini papo hapo. Anayejua neno kupungua huongeza kilomita kumi, kisha hununua injini.

Mfano wa tatu ni wa matairi. Kwenye ubavu wa tairi huchapwa tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni juma la 23 la mwaka 2018. Mnunuzi wa tairi lililokwisha tumika hutazama kipara, kwa kuwa lugha yake ina neno la kipara. Haulizi umri, kwa kuwa katika mazungumzo ya dukani tairi lina hali mbili tu, zima au bovu. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, na tairi lenye meno mazuri laweza kupasuka kwa uzee. Lugha ya mauzo ingeongeza swali moja, tairi hili lina umri gani, na swali hilo lingeokoa zaidi ya mabango mengi.

4. Sarufi ya ajali

Mtu anayefuatilia habari za ajali kwa muda mrefu huona kwamba miundo yake ni michache na hurudiwa. Gari liliacha njia na kupinduka. Magari mawili yaligongana uso kwa uso. Basi lilimshinda dereva. Mtembea kwa miguu aligongwa na gari. Breki zilifeli. Miundo hii ni Kiswahili safi, na hakuna anayeweza kuikosoa kisarufi. Lakini kila mmoja unafanya kazi fulani ya kuficha.

Muundo wa kwanza unatumia kauli ya kutendeka. Pindua humtaka mtenda, pinduka haimtaki. Kinachopinduka hupinduka kama jani liangukavyo. Kitenzi acha kimewekewa kiima ambacho hakina akili wala nia: gari ndilo lililoiacha njia, kana kwamba lilichoka nayo. Anayeendesha, ambaye kitenzi chake kilimpa wajibu wa kukifanya chombo kiende, ametoka katika sentensi bila kufungua mlango.

Muundo wa pili unatumia kauli ya kutendana. Kauli hii hugawa tendo sawasawa kwa pande zote: wanaopendana wanapendana wote, wanaopigana wanapigana wote. Lori lililohamia upande usio wake likakutana na gari dogo lililokuwa katika njia yake halali, habari husema yaligongana. Kisarufi, aliyegonga na aliyegongwa wamelingana.

Muundo wa tatu unavuka mpaka. Katika basi lilimshinda dereva, gari ni mtenda na dereva ni mtendwa, na msomaji humhurumia. Muundo wa nne ni wa kutendwa, na mtenda anatajwa kwa kihusishi na; lakini anayetajwa ni gari. Linganisha na sentensi isemayo kuwa dereva alimgonga mtu kwa gari. Kihusishi kwa kinairudisha gari mahali pake, ambapo ni pa ala, kama shoka mkononi mwa mkata kuni.

Ni haki kuuliza kama waandishi wa habari wana njia nyingine. Habari huandikwa saa chache baada ya tukio, kabla ya uchunguzi, na sheria haimruhusu mwandishi kumtia mtu hatiani. Kauli ya kutendeka humlinda mwandishi, na pengine humlinda dereva asiye na kosa. Jibu la pingamizi hilo ni kwamba kati ya kuficha na kuhukumu kuna nafasi pana ya kueleza. Inawezekana kuandika kwamba lori lilikuwa upande wa kulia wa barabara, kwamba mahali hapo kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, kwamba gari lilikuwa limebeba abiria kuliko viti vyake, kwamba mvua ilikuwa ikinyesha na barabara haina taa. Hakuna kati ya maelezo hayo linalomfunga mtu, na kila moja linampa msomaji mahali pa kuanzia kuuliza.

5. "Breki zilifeli": uchambuzi wa sentensi moja

Sentensi fupi kuliko zote inastahili uchunguzi wake. Katika mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, au ule wa Salgaa karibu na Nakuru nchini Kenya, lori lenye mzigo likishindwa kusimama husemwa kuwa breki zilifeli. Kitenzi feli hakina mtendwa wala sababu. Huwa mwisho wa maelezo, ilhali kingepaswa kuwa mwanzo wake.

Breki ni kifaa cha kugeuza mwendo kuwa joto. Dereva anayeteremka mlima mrefu huku ameukanyaga mguu wa breki muda wote huzidisha joto hilo kuliko hewa inavyoweza kulipunguza. Katika lori lenye breki za upepo, dramu hupata moto na kutanuka mbali na lainingi, na lainingi yenyewe hupoteza mkwaruzo. Upepo upo tangini, mguu upo chini, na gari linaendelea kukimbia. Katika gari dogo, chanzo cha kawaida ni mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzijoto 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji, kiwango kinachoruhusiwa ni 155 tu. Yakichemka hutoa mapovu, mapovu hubonyea, na mguu wa dereva huzama mpaka sakafuni bila kupata upinzani.

Dawa ya hali zote mbili inafahamika: kuingiza gia nzito kabla ya kuanza kuteremka ili injini ishikilie uzito, kukanyaga breki kwa vipindi vifupi, kutoteremka kamwe na gia huru kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta, na kubadilisha mafuta ya breki kwa muda uliowekwa na mtengenezaji. Kwa hiyo nyuma ya breki zilifeli kuna sentensi nne au tano zenye watenda halisi. Dereva hakuingiza gia nzito. Mwenye gari hakulipia matengenezo. Msimamizi wa mizigo alizidisha uzito. Fundi alifunga lainingi iliyokwisha. Kila mmoja wao ana kitenzi chake, na kila kitenzi kina wakati ambapo kingeweza kugeuzwa.

6. Uzembe: neno linalofunga mjadala upande wa pili

Yaweza kudhaniwa kuwa dawa ya majaliwa ni lawama. Msimuliaji asiyetaka kusema ajali haina kinga hukimbilia uzembe wa dereva. Lakini neno uzembe, kama linavyotumika, hufunga mjadala kwa haraka ile ile. Likishatamkwa, haulizwi tena aliyechora kona kali, aliyempangia dereva safari ya usiku baada ya ile ya mchana, wala aliyeacha soko likapangwa ukingoni mwa barabara kuu.

Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilipitisha sera inayolenga kuondoa kabisa vifo na majeraha makubwa barabarani. Msingi wake ni kwamba binadamu hukosea, na kwamba barabara, gari na mwendo vinapaswa kupangwa ili kosa lisiwe kifo. Wajibu unagawanywa kati ya anayetumia barabara na anayeitengeneza. Nchini Kenya, kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo wananchi waliziita sheria za Michuki kwa jina la waziri John Michuki, zililazimisha mikanda kwa abiria na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa katika matatu. Hapo hakuna aliyengoja madereva wawe wema. Kifaa kilipewa sehemu ya kazi.

Mwaka 2001 jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal, lilitangaza kuwa halitatumia tena neno la Kiingereza linalolingana na ajali, kwa hoja kwamba majeraha mengi na matukio yanayoyaleta hutabirika na kuzuilika. Je, Kiswahili kifuate? Hapana ulazima. Neno ajali limekwisha kukaa katika bima, katika polisi na katika huzuni za watu, na amri ya kulifuta haitasikilizwa. Aidha, tatizo haliko katika nomino peke yake, bali katika sentensi inayoizunguka. Wala imani haipaswi kulaumiwa: waumini wanaokubali kadari hufunga milango yao usiku na kuwachanja watoto wao.

Kazi hii imepata umuhimu mpya tangu Tanzania ilipofanya marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa kwa Kiingereza, na tofauti zake kati ya uendeshaji wa hatari, wa kutojali na wa kukosa uangalifu zina uzito wa vifungo na faini. Zote zikimiminwa katika neno uzembe, mshtakiwa na mwathirika watapoteza haki kwa pamoja. Umakini unahitajika hata kwa maneno ya kawaida. Mwendokasi kwa askari ni kosa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, tangu mwaka 2016, ni jina la basi analolingojea kituoni.

7. Magari mapya na mafunzo ya zamani

Mabadiliko ya viwanda vya magari yanaigusa lugha hii moja kwa moja. Dereva aliyefunzwa kwa magari ya zamani aliambiwa akanyage breki na kuiachia, akanyage na kuiachia, ili magurudumu yasikwame penye utelezi. Katika gari lenye mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama, ambao umeenea sana, mfumo wenyewe hufanya kazi hiyo mara nyingi kwa sekunde moja. Dereva anatakiwa akanyage kwa nguvu, asiachie, na aendelee kushika usukani hata mguu wake ukihisi mtetemo. Anayetii sentensi ya zamani katika gari jipya huongeza umbali wa kusimama. Sentensi ilikuwa sahihi. Chombo ndicho kilichobadilika.

Magari na pikipiki za umeme yameleta mtihani mwingine. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme na kubadilishana betri mjini Kigali mwaka 2019, na mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022. Katika magari ya umeme, kwa kawaida, dereva akiondoa mguu kwenye kiongeza mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha umeme betrini. Bila shaka watu wataendelea kusema kanyaga mafuta hata pale ambapo hakuna tone la mafuta, kama walivyoendelea kusema usukani pasipo na bahari. Hilo halina madhara. Lenye madhara ni ukimya. Gari la umeme likienda polepole halingurumi, na mtembea kwa miguu aliyezoea kusikia kabla ya kuona hupoteza onyo lake. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kuanzia Julai 2019, uliagiza aina mpya za magari hayo ziwe na kifaa cha kutoa sauti.

8. Hitimisho

Yanayopendekezwa hapa si makubwa. Vyuo vya ualimu wa udereva na idara za Kiswahili vishirikiane kuandika miongozo inayotumia maneno ya karakana, kama oili, badala ya kuyakimbia. Wafasiri wa sheria watenganishe viwango vya makosa kwa istilahi tofauti, na wazitumie hizo hizo kila mara. Walimu wa uandishi wa habari wawafundishe wanafunzi kauli ya kutendeka, ya kutendana na ya kutendwa kupitia habari za barabarani, ili mwandishi ajue anachokificha anapokificha.

Methali za Kiswahili zenyewe hazijakubaliana juu ya suala hili. Moja husema chombo cha kuzama hakina usukani, na mwenye kuisikia hukunja mikono. Nyingine husema kamba hukatika pabovu, na mwenye kuisikia huinuka akaikague kamba yake. Zote mbili ni urithi halali, na kila moja ina mahali pake: ya kwanza hufariji baada ya mazishi, ya pili hufaa kabla ya safari. Madhara huanza pale ile ya mazishi inapotangulia kutamkwa gereji.